Mzee wa noti ya dola 20

Kila ninapopeleka dola dukani kubadilisha, kijana wa dirishani huzitenga mafungu mawili: za mia na hamsini huku, za ishirini kule. Za ishirini hupewa bei ya chini. Siku moja nilimtania kwamba mzee aliyechorwa kwenye noti ile angefurahi kuiona inadharauliwa hivyo, kwa kuwa alizichukia pesa za karatasi tangu ujana wake. Akaniuliza, "Kwani huyu ni nani, mwalimu?" Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni, nikamjibu nusunusu. Jibu lenyewe ni hili.

Ni Andrew Jackson, rais wa 7 wa Marekani, aliyekaa madarakani tangu 1829 hadi 1837. Nimesomesha historia ya nchi hiyo kwa miaka mingi, na sijaona rais wa zama zile anayeligawa darasa langu kama huyu. Wapo wanaomwona baba wa wanyonge. Wapo wanaotaka jina lake lifutwe kabisa. Na wapo, hawa ndio wengi, wanaotafuta njia ya katikati: alikuwa na mema yake na mabaya yake, tuyapime. Nami ugomvi wangu mkubwa ni na hawa wa mizani.

Mema yanayotajwa si ya kubuni. Kabla yake marais wote sita walitoka Virginia au Massachusetts, watu wa koo zenye nafasi. Jackson alizaliwa 1767 mpakani mwa Carolina mbili, baba yake akiwa ameshafariki. Alipokuwa kijana mdogo Waingereza walimteka katika vita vya uhuru wa Marekani, na ofisa mmoja alipomwamuru amsafishie viatu akakataa, akapigwa upanga uliomwachia kovu la maisha. Akiwa na miaka 14 alikuwa yatima kamili. Baadaye akawa mwanasheria Tennessee, akawa jenerali, akawashinda Waingereza hao hao New Orleans Januari 1815. Katika uchaguzi wa 1828 kura zilizopigwa nchini zilikuwa zaidi ya mara tatu ya zile za 1824, na siku ya kuapishwa umati uliingia Ikulu na viatu vya tope, vyombo vikavunjika. (Kwa haki, si yeye aliyewapa Wazungu maskini kura. Majimbo yalikuwa yamekwisha kuanza kuondoa sharti la kumiliki mali. Yeye alilipanda wimbi hilo, na alijua kulipanda.)

Swali linalorukwa ni hili: mtu huyo wa kawaida aliyepewa sauti alikuwa akitaka nini? Alitaka ardhi.

Ardhi ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1814 Jackson aliwapiga waasi wa Wacreek, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia, kwenye kona ya mto Tallapoosa, Alabama, wakafa zaidi ya 800. Katika vita vile Wacherokee, taifa jingine la wenyeji, walipigana upande wake. Mkataba uliofuata ukawanyang'anya Wacreek ekari milioni 23 hivi, na humo zilikuwemo ardhi za Wacreek waliomuunga mkono yeye! Katika vita vilevile, mwaka uliotangulia, askari wake walimkuta mtoto mchanga wa Kicreek pembeni mwa maiti ya mama yake. Jackson akamtuma kwake, akamlea kama mwanawe, akamwita Lyncoya. Wanafunzi huniuliza hilo nalo liwekwe upande gani wa mizani. Mimi sina upande wa kuliweka.

Alipokuwa rais, tarehe 28 Mei 1830, alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia wa kusini-mashariki kwenda ng'ambo ya mto Mississippi. Kwenye karatasi ni kubadilishana ardhi kwa hiari. Wachoctaw walianza kuondoka 1831, wengine wakafia njiani kwa baridi na kipindupindu. Wacherokee wao walikataa. Hawa walikuwa na katiba yao ya 1827, maandishi ya lugha yao yaliyobuniwa na Sequoyah, na gazeti lao. Baadhi yao walimiliki hata watumwa weusi, jambo ambalo wanaotaka hadithi nyepesi hulisahau. Kisha dhahabu ikaonekana Georgia. Mwaka 1832, Wacherokee wakiwa bado wamo majumbani mwao, jimbo likaikata ardhi yao vipande na kuichezesha bahati nasibu: ekari 160 kwa mashamba, ekari 40 pale palipodhaniwa pana dhahabu. Raia mweupe akiandikisha jina, jina likachomolewa, anapata shamba la mtu ambaye jioni ile anapika chakula chake mle mle.

Bahati nasibu ile ndiyo inayovunja mizani yangu. Demokrasia ya mtu wa kawaida na kufukuzwa kwa Mcherokee havikuwa vitu viwili vya kupimwa kimoja huku na kingine kule. Tiketi ilikuwa moja.

Hapa kuna sentensi ambayo lazima niitoe njiani. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilitamka kwamba sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya nchi ya Wacherokee. Inasemekana Jackson alijibu kwamba Jaji Mkuu John Marshall ameshaamua, basi aitekeleze hukumu mwenyewe. Wanafunzi wanaipenda sana. Lakini maneno hayo yalichapishwa katika miaka ya 1860, Jackson akiwa kaburini tangu 1845, na hayamo katika karatasi zake. Alichomwandikia rafiki yake ni kwamba hukumu ile ilizaliwa maiti. Ukiniuliza mimi, hilo ni baya zaidi: huyu hakuwa mtu anayefoka, alikuwa anaeleza hali ilivyo.

Mwaka 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee kilitia saini mkataba wa kuondoka. Mkuu wa Wacherokee wote, John Ross, alipeleka malalamiko yenye maelfu ya majina. Seneti ikaupitisha kwa kura moja tu juu ya theluthi mbili zilizohitajika. Wanajeshi walikuja 1838, na kati ya watu wapatao 16,000 waliohamishwa, kadirio linalotajwa zaidi ni kwamba 4,000 walikufa. Watetezi husema wakati huo rais alikuwa Martin Van Buren. Kweli. Msumari aligongelea yeye, jeneza lilikuwa limekwisha kuchongwa.

Husema pia tusimhukumu mtu wa kale kwa macho ya leo. Basi tutumie macho ya wakati wake: sheria ya 1830 ilipita Bunge la Wawakilishi kwa kura 102 dhidi ya 97. David Crockett, mbunge aliyekuwa mtu wa Tennessee kama yeye, aliikataa.

Kuhusu utumwa sina haja ya maneno mengi. Mwaka 1804 Jackson alitangaza gazetini zawadi ya dola 50 kwa atakayemrudisha mtumwa wake aliyetoroka, na dola 10 za nyongeza kwa kila viboko 100 atakavyomchapa, mpaka 300. Alipofariki alimiliki watu wapatao 150.

Ya benki nayapitia haraka: alikataa kuongeza muda wa kibali cha Benki ya Marekani, iliyotunza fedha za serikali, 1832, deni la taifa likalipwa lote 1835, na mara tu alipoondoka uchumi ukaanguka.

Jambo moja linamfikisha mpaka kwetu. Septemba 1833 mjumbe wake, Edmund Roberts, alisaini mkataba wa biashara na Sayyid Said kule Muscat, ushuru ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, mtu wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, alifika Unguja. Meli zilichukua pembe na sandarusi, zikaleta kile kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani, kilichokwenda bara na misafara mpaka kikawa kama fedha. Viwanda vilivyokifuma vilikuwa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, lakini pamba ililimwa kusini na watumwa, na kitovu cha pamba kilikuwa kinahamia Alabama na Mississippi, kwenye ardhi ya Wacreek, Wachoctaw na Wachickasaw.

Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba sura ya Jackson mbele ya noti itampisha Harriet Tubman, aliyezaliwa mtumwa akatoroka, kisha akarudi kuwatoa wenzake. Hadi leo noti hiyo mpya haijatoka. Picha ya Jackson nayo ofisini kwa rais imegeuka mchezo: Trump aliitundika 2017, Biden akaitoa 2021, Trump akairudisha 2025.

Juzi nilirudi dirishani na ishirini tatu. Kijana akaishika moja, akaitazama sura ile kwa muda, akaichungulia kwenye taa.

"Mwalimu," akasema, "bei ni ileile."