Pakiti ya maziwa ya Nyayo na mwanya wa nyuzi saba

Waliosoma shule ya msingi miaka ya themanini wanaikumbuka pakiti ya maziwa ya Nyayo: piramidi ndogo ya karatasi, kila uso pembetatu, ukiiangusha vyovyote inakaa. Mpango huo wa maziwa ya shule ulianza Kenya mwaka 1979. Mimi hufundisha hesabu, na somo la maumbo yenye ujazo huwa nalianza na pakiti hiyo, ingawa wanafunzi wangu wa leo hawajawahi kuishika.

Uzuri wake ni kwamba hakuna pembetatu inayokatwa. Kata karatasi ya manila, urefu sentimita 25, upana 10.4. Ikunje iwe bomba, sentimita moja iende kwenye gundi, mzingo ubaki 24. Bana mdomo mmoja, uzibe kwa selotepu. Bana na wa pili, lakini huu ukingamane na wa kwanza kama msalaba. Fungua mkono: umeshika tetrahedroni, nyuso nne, vipeo vinne, kingo sita, kila ukingo sentimita 12. Ndani mnaingia kama mililita 204. Kampuni ya Tetra Pak, iliyoanzishwa Lund, Uswidi, mwaka 1951, ilianza na wazo hilo hilo: bomba la karatasi linashuka likiwa na maziwa ndani, mashine inalibana mara huku, mara kule. Mchemraba wa ujazo huo ungetumia karatasi pungufu kwa karibu moja ya sita, lakini bomba halina vipande vya kutupa. Tetra ni nne kwa Kigiriki.

Jumamosi iliyopita, katika darasa ninaloendesha mtaani Umoja, tulitengeneza tano na kuzipanga zikizunguka ukingo mmoja, uso kwa uso. Zilikaribia kufunga duara. Kati ya ya kwanza na ya tano ukabaki mwanya mwembamba, kwenye ncha ya nje kama sentimita 1.3, kidole cha mwisho kinapita. Msichana mmoja akabandua zote, akazibandika upya kwa uangalifu mkubwa. Mwanya ukarudi. "Mwalimu, ni selotepu," akasema.

Si selotepu. Weka alama katikati ya ukingo mmoja wa tetrahedroni. Nyuso mbili zinakutana hapo. Katika kila uso piga mstari kutoka kwenye alama hadi kipeo cha mbali. Kila mstari ni sentimita 10.4, upana ule ule wa manila yetu, na vipeo hivyo viwili vimeachana sentimita 12. Hiyo ni pembetatu ya 10.4, 10.4 na 12. Pembe yake ya juu ni nyuzi 70.53, na kosaini yake ni theluthi moja kamili. Zidisha kwa tano, desimali zote zikiwemo: 352.64. Ili tano zifunge duara la nyuzi 360, kila moja ilihitaji nyuzi 72; zimebaki 7.36, na hakuna gundi ya kuziba hizo.

Nilimwambia yule msichana kwamba alikosea pamoja na wakubwa. Aristotle aliandika kwamba piramidi hizi hujaza nafasi bila kuacha upenyo, kama michemraba. Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Andalusia, katika kumfafanua, aliitetea kauli hiyo. Ikapita karibu miaka 1800 kabla ya Regiomontanus, mwanahesabu Mjerumani wa karne ya 15, kuonyesha kwamba haiwezekani. Nadhani wengi waliosoma kauli ile hawakukaa chini na karatasi na gundi.

Linalonifurahisha zaidi ni kinachoziba nafasi. Tengeneza oktahedroni, yaani piramidi mbili za kitako cha mraba zilizogandana vitako, pembetatu nane za ukingo ule ule wa sentimita 12. Pembe kati ya nyuso zake ni nyuzi 109.47. Jumlisha na 70.53, unapata 180 kamili. Kwa hiyo tetrahedroni mbili na oktahedroni mbili, zikipishana, zinauzunguka ukingo bila mwanya wowote.

Tulimaliza kwa kuijenga. Oktahedroni moja katikati, tetrahedroni nne kwenye nyuso zake, uso mmoja tukiuruka kila mara. Ikatokea tetrahedroni moja kubwa ya ukingo wa sentimita 24. Ujazo wake ni mara nane ya ile ndogo, na ndogo zilizomo ni nne tu. Ujazo wa nne zilizobaki umo ndani ya oktahedroni, na hapo yule msichana akaitoa ile ya katikati, akaigeuzageuza mkononi, akaanza kutafuta pa kuikata.