Leseni ya biashara halmashauri: yanayosemwa mtaani na yanayofanyika mezani

Mtu akitangaza kwamba anataka kufungua duka, kabla hajaulizwa habari ya mtaji ataulizwa: "Una mtu halmashauri?" Dhana nyingine zote kuhusu leseni zimezaliwa na swali hilo. Linachukulia kwamba leseni ni ridhaa ya mtu fulani, akikupenda unapata, akikuchukia umekwisha. Kwa biashara nyingi za kawaida hapa Tanzania, afisa anayeitoa hana uhuru mkubwa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuhakiki mambo yaliyokwisha kuamuliwa kwingine: na sheria, na mpango wa eneo, na taasisi nyingine. Wanaonufaika na dhana hii ni vishoka, yaani madalali wa vibali wasio rasmi, maana wanauza ukaribu na mtu ambaye mara nyingi hawana haja hata ya kumfahamu.

"Lazima madiwani wakae wapitishe"

Leseni hutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, ambayo sasa ni Sura ya 208. Ombi la duka la nguo au saluni halipelekwi kwenye baraza kupigiwa kura. Linashughulikiwa na watendaji, na Afisa Biashara ndiye mhusika mkuu. Baraza la madiwani lina kazi yake: linatunga sheria ndogo za usafi, za masoko na za ushuru, nazo zitakugusa ukishafungua. Kwa hiyo kumbembeleza diwani akusemee juu ya fomu yako ni kumbebesha kazi isiyo yake.

Vileo ni habari nyingine. Vina sheria yake ya mwaka 1968 na leseni yake, na mwenye baa asidhani ile ya kawaida inamtosha.

"Leseni zote zinatoka halmashauri"

Kuna Kundi A na Kundi B. Kundi A hutolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na ndimo zilimo biashara za kuagiza bidhaa na kusafirisha nje, uwakala wa forodha na kampuni za kutembeza watalii. Kundi B, yaani maduka ya rejareja, saluni, migahawa, vifaa vya ujenzi na nyingi tunazokutana nazo kila siku, ndilo la halmashauri. Ukikosea mlango utaambiwa uende kwingine, na wengi hutoka hapo wakisema wamekataliwa.

"Nikishalipa fremu, leseni itafuata yenyewe"

Dhana hii ndiyo inayowagharimu watu fedha nyingi kuliko zote. Mtu anaona fremu nzuri barabarani, analipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima, anapiga rangi, anatundika bango, kisha ndiyo anakumbuka leseni. Anapofika mezani anakuta swali linahusu jengo, wala halihusu mtaji wake.

Kwa kawaida ombi hupitia macho kadhaa. Serikali ya mtaa au mtendaji wa kata huthibitisha kwamba eneo lipo na anayeomba anajulikana. Afisa mipango miji anaangalia kama matumizi ya eneo yanaruhusu biashara hiyo: gereji katikati ya makazi, karakana ya kuchomelea ukuta kwa ukuta na zahanati, ukumbi wa muziki jirani na shule, hapo pana tatizo hata kama karatasi zote zimekamilika. Afisa afya naye, ikiwa ni mgahawa au bucha, anatazama choo, maji, sakafu, hewa na taka zinakotupwa, pamoja na vyeti vya vipimo vya afya vya wahudumu. Akikuta jiko halina pa kutolea moshi, kukuandikia urekebishe ni wajibu wake, si chuki.

Matumizi ya ardhi yakiwa ndiyo kikwazo, mpangaji hana la kufanya peke yake. Anayeomba kubadili matumizi ni mmiliki wa kiwanja, kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Na hapa, ajabu yake, ndipo madiwani wanapoweza kuingia, kupitia kamati yao inayoshughulikia mipango miji. Mwenye fremu aliyekwambia "hapa biashara zote zinakubalika" hatarudisha kodi yako. Kabla ya kumlipa, nenda ofisi ya mipango miji na namba ya kiwanja au mchoro wa eneo ukaulize. Maoni yangu ni kwamba hiyo nusu siku ina faida kuliko kishoka yeyote.

Kuna pia biashara ambazo halmashauri haiwezi kuzipitisha mpaka msimamizi wa sekta aseme. Duka la dawa lina Baraza la Famasi, kituo cha mafuta kina EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Chakula na vipodozi vilihamishiwa TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, wakati TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuka kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba, ila mpaka leo utasikia mtu anaelekezwa "kachukue kibali cha TFDA". Kama kibali hicho hakipo, Afisa Biashara hana cha kukusaidia hata mkiwa mmesoma darasa moja.

"TIN ni leseni tosha"

TIN, yaani namba ya mlipakodi, inakutambulisha kwa TRA, mamlaka ya mapato. Cheti cha jina la biashara kutoka BRELA kinalinda jina. Hakuna hata kimoja kinachokuruhusu kufanya biashara. Vyote viwili, pamoja na hati ya uthibitisho wa kulipa kodi, kitambulisho cha taifa na mkataba wa pango, ni viambatisho vya kwenda kukata leseni.

"Wameikataa"

Mara nyingi ombi limerudishwa tu, na sababu ukiitazama ni ndogo mpaka inaudhi. Mkataba wa pango una jina la mume, ombi ni la mke. TIN inaonyesha eneo la zamani. Mkataba umebakiza mwezi mmoja kuisha. Siku hizi maombi ya halmashauri yanapitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni, na wapo wanaodhani kompyuta ndiyo inayoamua. Nyuma ya mfumo wapo maafisa walewale, na ukaguzi wa eneo haujafutwa. Kilichobadilika ni kwamba unaweza kuona ombi limekwama kwa nani.

Likikataliwa kweli, omba sababu kwa maandishi. Maneno ya mdomoni hayana pa kupelekwa, lakini barua unaweza kupanda nayo hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri.

"Bei anapanga afisa"

Ada zimewekwa na sheria kwa nchi nzima, zikitofautiana kwa aina ya biashara na mahali ilipo: jijini si sawa na kwenye mji mdogo. Unalipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwenye simu au benki. Fedha uliyomkabidhi mtu mkononi si ada ya leseni, aiite jina lolote. Ushuru wa huduma na tozo ya taka ni madai mengine yenye misingi yake, na kulipa kimoja hakufuti kingine.

"Leseni moja, matawi yote"

Kila mahali pa biashara panahitaji leseni yake, nayo ibandikwe inapoonekana.

"Mgeni akipata mwenyeji wa kumkatia, yameisha"

Amri iliyotangazwa Julai 2025 imewazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Mamlaka za leseni zimekatazwa kuwapa au kuwahuishia leseni kwa biashara hizo, kwa hiyo hapo afisa hana hiari kabisa. Mgeni akikutwa na hatia anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6. Raia anayemkopesha jina naye yumo: faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Sijui kwa nini watu bado wanaliona jambo hili kama udugu.

"Nimeshaomba, naweza kuuza huku nasubiri"

Uthibitisho wa kutuma ombi si leseni, na risiti ya malipo si leseni. Mkaguzi akipita siku hiyo atauliza karatasi moja tu, na kama haipo anaweza kufunga hata kama ombi lako liko hatua ya mwisho. Hivyo hivyo kwa waliokuwa nayo: inadumu miezi 12, na iliyoisha jana haina nguvu leo. Anza kuihuisha mapema, hasa ile hati ya TRA ya uthibitisho wa kulipa kodi, kwa sababu makadirio ya kodi yakiwa na ubishi ndiyo yanayokula wiki.