Gemu na matofali ya plastiki: yasemwayo na yalivyo

Ninapenda gemu, na ninapenda kujenga kwa matofali ya plastiki ya kampuni ya LEGO. Watu hunitaka nichague kimoja, eti kimoja kinaua akili na kingine kinaijenga. Mimi naona ni mapenzi yale yale.

Dhana: Gemu humpa mtu kila kitu tayari, hivyo huua ubunifu.

Inategemea gemu gani. Minecraft, iliyotoka rasmi Novemba 2011, inakutupa katika ulimwengu wa vitalu na haikwambii ujenge nini. Humo mna vumbi jekundu liitwalo redstone, linalopitisha nguvu mithili ya waya. Chomeka tochi ya redstone ubavuni mwa kitalu: nguvu ikifika kwenye kitalu, tochi inazima, nguvu ikikatika, inawaka. Ni hilo tu. Lakini kugeuza "ndiyo" kuwa "hapana" ndiko msingi wa kompyuta, na wachezaji wameunganisha tochi hizo kwa mamia wakapata vikokotoo vinavyopiga hesabu kweli kweli. Mlango wangu wa kwanza unaofunguka wenyewe ulinila jioni nzima. Ulipofunguka nilisimama kwa furaha, kwa sababu kila hatua ya mlango ule niliijua.

Dhana: Seti ya LEGO ina jengo moja tu, lile la kwenye kijitabu cha maelekezo.

Chukua matofali sita ya rangi moja, kila moja lina vinundu vinane juu yake. Yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Kwa miaka mingi namba iliyotajwa ilikuwa 102,981,500, hadi mwanahisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na mwenzake walipohesabu upya: namba ya zamani ilikuwa ya minara yenye kimo cha matofali sita pekee. Na hayo ni matofali sita tu, sio ndoo nzima.

Dhana: Matofali ya zamani hayaingiani na ya leo.

Yanaingiana. Geuza tofali uangalie tumboni: utaona mirija. Vinundu vya tofali la chini hubanwa kati ya mirija hiyo na kuta, ndiyo maana jengo halisambaratiki ukilinyanyua. Muundo huo uliombewa hataza mwaka 1958, na tofali la mwaka ule linashikana na lililotoka kiwandani juzi.

Dhana: Gemu nusura ziifilisi LEGO.

Kampuni ilipata hasara kubwa mwaka 2003 na 2004, kweli. Ila ilikuwa imejitanua kupita kiasi, ikiendesha hadi bustani za burudani, na aina za vipande zilikuwa zimezidi mno. Ilipona kwa kupunguza aina hizo na kurudi kwenye tofali. Mwaka 2005 ikaja gemu ya LEGO Star Wars, na 2012 seti ya Minecraft. Tangu hapo vitalu vya kwenye skrini na vya mkononi vinasaidiana.

Dhana: Mbunifu hodari hakosei vipimo.

Markus Persson, aliyeanzisha Minecraft, alikuwa akiunda nguruwe akabadilisha urefu na kimo bila kukusudia. Badala ya kumfuta, alimpaka rangi ya kijani akamfanya adui anayelipuka. Huyo ndiye Creeper. Mtazame vizuri: miguu minne mifupi chini, mwili umesimama wima. Ni yule yule nguruwe.