Amplifaya kongwe za valvu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapiga gita wa kumbi zetu za harusi tunaujua mchonyoto ule. Vidole viko kwenye nyuzi, unasogeza mdomo kwenye maikrofoni uitikie kibwagizo, na midomo inawasha kama imeguswa na konyeza. "Amplifaya za valvu ndivyo zilivyo," niliambiwa nilipoanza kupiga (valvu ni zile taa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya za zamani), nami nikaamini kwa miaka mingi. Si kweli. Amplifaya iliyo salama haimchomi mtu hata kidogo. Mchonyoto ni umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na njia uliyoipata ni mwili wako.

Chanzo chake kinajulikana. Amplifaya nyingi za zamani za Marekani zilitoka kiwandani na plagi ya pini mbili, bila ethi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Ili kupunguza mvumo, watengenezaji walifunga kapasita ndogo, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, kutoka waya mmoja wa umeme hadi kwenye chasisi, yaani lile bati linalobeba valvu. Kwenye Fender nyingi ni ya mikrofaradi 0.047. Wamarekani wenyewe wameipa jina la kapasita ya kifo. Ikiwa nzima, kwa volti 117 za kwao hupitisha miliampea 2 hivi, za kuwasha midomo tu. Ikizeeka ikapiga shoti kwa ndani, chasisi yote inaweza kubeba laivu, yaani umeme wa waya wenye moto, na nyuzi za gita lako zimeungana na chasisi hiyo kupitia waya wa gita. Les Harvey, mpiga gita wa kundi la Stone the Crows la Scotland, alifariki jukwaani Swansea mwaka 1972 alipogusa maikrofoni isiyo na ethi nzuri. Alikuwa kazini kama sisi.

"Pini mbili zinaingia tu, chokoa tundu la juu kwa kalamu." Hili naliona kila wiki, na linanisikitisha. Soketi zetu ni za pini tatu za Kiingereza. Pini ya juu ni ndefu kwa makusudi: hutangulia kuingia, ikafungua vizibo vya laivu na nyutro, waya wa kurudishia umeme. Unapochokoa kwa kalamu unakifungua kizibo na papo hapo unaiacha ethi nje.

"Nina transfoma ya kushusha umeme, basi niko salama." Transfoma hiyo inahitajika, kwa sababu amplifaya ya volti 117 itaungua kwenye 230 zetu. Lakini visanduku vingi vya bei nafuu vina koili moja tu ndani, kwa hiyo amplifaya inabaki imeungana moja kwa moja na umeme wa nyumba. Vingine matundu yake ya kutolea ni mawili tu, na ethi inakatikia hapo hata kama waya wako una nyaya tatu. Angalia pia kibandiko: kikisema mizunguko 60 kwa sekunde (Hz) peke yake, transfoma ya ndani ya amplifaya inaweza kupata moto zaidi kwenye mizunguko 50 yetu.

"Nikibadilisha waya, sauti ya kale itapotea." Haipotei. Waya wa umeme na kapasita ile havimo kwenye njia ya sauti. Mwenye kujali thamani autie waya wa zamani kwenye mfuko na kuuhifadhi.

Fundi anayejua hufunga waya wa nyaya tatu hivi: kahawia inaenda kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi, buluu inaenda moja kwa moja kwenye transfoma, kijani na njano inafungwa kwa bolti yake peke yake kwenye chasisi, na huachwa ndefu kuliko wenzake ili waya ukivutwa iwe ya mwisho kung'oka. Kapasita ile huondolewa. Ila zipo amplifaya ndogo zisizo na transfoma ya umeme kabisa, zenye valvu kama 50C5, ambazo chasisi yake inaweza kuwa imeungana na umeme wa ukutani. Hizo kuzifunga ethi hakutoshi, zinahitaji transfoma ya kutenganisha, yenye koili mbili zisizoungana. Bila hiyo mimi sizigusi.

"Imechomolewa, fungua tu." Hapa ndipo mafundi wa redio za kisasa wanapoumia. Kapasita kubwa za ndani zinaweza kubaki na volti 400 au zaidi baada ya plagi kutolewa, mara nyingine kwa muda mrefu. Usizipige shoti kwa bisibisi. Zitoe chaji kupitia risista ya nguvu, mkono mmoja mfukoni, halafu pima kwa mita mpaka usome karibu na sifuri, ndipo uguse.

Fyuzi ikiungua, usiifunge karatasi ya sigara. Na hata fyuzi sahihi hulinda nyaya, si moyo wako: ya ampea 13 haiwezi kuhisi miliampea 30, kiwango ambacho swichi ya kinga hukata umeme ikiwa imefungwa kwenye nyumba.

"Soketi ina matundu matatu, kwa hiyo ethi ipo." Tundu si ushahidi. Nimefungua soketi ambayo waya wa kijani haukuwamo kabisa, na sehemu zetu za uwanda, penye mawe makavu, hata fimbo ya ethi iliyofukiwa inaweza kushika vibaya. Mwite fundi umeme apime.

Mimi kabla ya kupiga huchukua mita, nikaiweka kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za gita na nyengine kwenye wavu wa maikrofoni. Ikisoma karibu na sifuri, tunaanza. Ikisoma volti kadhaa, bibi harusi atatusubiri kidogo mpaka tujue ni kifaa gani hakina ethi.