Nyumba yako ya kupangisha haikulipi 14%

Watu wakishapokea mafao ya kustaafu, hesabu ileile hurudi: "Nilijenga kwa milioni 60, naingiza pango 700,000 kwa mwezi, hiyo ni 14% kwa mwaka. Hisa gani pale DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) inatoa gawio, yaani mgawo wa faida, la hivyo?" Sijaiona. Na nyumba yako nayo haitoi.

Milioni 60 ulizitumia mwaka 2010. Kama leo nyumba inauzika kwa milioni 180, mtaji uliolala pale ni 180. Pango la mwaka, 8,400,000, ni 4.7% yake, na bado hatujakata kitu. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu akihama mpangaji: 700,000. Kodi ya zuio 10% ya kinachobaki: 770,000. Rangi, pampu, bati, na shimo la choo linalofurika kila masika: tenga 900,000, na hapo umejipendelea. Umebaki na 6,030,000, yaani 3.35%. Aliyenunua hisa ya benki ya NMB kwa 600 mwaka 2008 na bado anapigia gawio hesabu kwa 600 ile naye anajidanganya vilevile, kwa hiyo wenye hisa msicheke.

"Lakini imepanda mara tatu!" Sawa, kwa miaka 15 hiyo ni kama 7.6% kwa mwaka. Jumlisha na pango, si uwekezaji mbaya hata kidogo. Ila sehemu kubwa ya faida imo ndani ya kuta, na mstaafu anakula fedha taslimu. Kuitoa kunataka mnunuzi, ridhaa ya mwenza, dalali, na kodi ya 10% ya ongezeko la mtaji (risiti za saruji na nondo za kuthibitisha gharama unazo?). Halafu hiyo 180 yenyewe ni maneno ya dalali mpaka mtu alipe. Nyumba "haishuki bei" kwa sababu hakuna ubao unaoitangaza kila jioni. Iweke sokoni ukiwa na karatasi ya serikali ya mtaa tu, bila hati, ndipo utaijua bei.

Hisa nazo si pepo. Hisa ya benki ya CRDB iliuzwa kwa 150 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye ilikuwa chini ya hapo, ndipo ikaja kupaa. Hisa ya TBL, kampuni ya bia, ilikaa kwenye 10,900 miaka kadhaa. Huo si utulivu, ni uhaba wa miamala, na ukitaka kuuza nyingi kwa haraka utausikia. Kwa oda ndogo makato ni takribani 2% kila upande, kwa hiyo kununua na kuuza kila mwezi ni kumlisha dalali.

Kwa mstaafu mimi huanza na matumizi ya miaka mitatu kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT (mfuko wa pamoja wa uwekezaji ambao fedha yake hutoka haraka) na hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba; hisa zinafuata. Hatifungani ya miaka 25 inaanzia milioni moja, riba yake haikatwi kodi na hulipwa mara mbili kwa mwaka. Aliyenunua kabla ya Aprili 2022 anapata 15.95%, waliofuata walikuta 12.56%. Kasoro yake: riba haipandi mfumuko wa bei ukipanda, pango hupanda. Hapo wenye nyumba wana hoja, siwabishii.

Nikiulizwa mstaafu achote kiasi gani cha akiba yake kwa mwaka, jibu langu lina mashaka. Ile 4% maarufu ilitokana na hesabu za William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, mwaka 1994, kwa takwimu za Marekani tangu 1926. DSE ilianza biashara 1998, na imeegemea benki chache. Mimi huanzia 3%, na siwezi kuthibitisha kuwa inatosha.

Mwenye nyumba moja ya kupangisha, yenye hati, asiiuze kwa ajili ya blogu hii. Ninayembishia ni anayetaka kuingiza mafao yote kwenye msingi wa nyumba ya pili. Fundi akupe makadirio hadi milango, maji na umeme, uongeze 30%. Kama fedha inaishia kwenye lenta, usimwage hata tripu moja ya mchanga: boma halina mpangaji.