Kejeli yenye leseni

Kazi yangu ni mikataba ya leseni za wahusika wa katuni: nani anaruhusiwa kuweka sura ya mhusika kwenye fulana, begi la shule au pakiti ya biskuti, kwa muda gani, na mwenye mhusika atapata nini. Wachoraji vijana wanaokuja ofisini kwangu, hasa waliokua wakiitazama The Simpsons, katuni ya Marekani ya kuchekesha kuhusu familia ya Homer na watoto wake Bart na Lisa katika mji wa Springfield, huwa na swali moja. Inakuwaje kampuni iwaachie waandishi wake waidhihaki biashara yake yenyewe mchana kweupe? Kipindi kinaonyesha bidhaa za watoto zinazotoboa matumbo na kambi ya likizo iliyogeuzwa jela, na huku kampuni ileile inauza midoli ya kipindi hichohicho. Hawaogopi kukata tawi walilokalia?

Hawaogopi, maana tawi lenyewe haliguswi. Ukizipitia kejeli hizo moja moja utaona zina mpaka, na mpaka huo unafuata mikataba zaidi ya unavyofuata ujasiri wa waandishi.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu dhihaka hii ina mahali ilipotoka. Mwaka 1982 kampuni ya midoli ya Mattel ilitoa sanamu za Masters of the Universe, na mwaka uliofuata shujaa wao He-Man akapata kipindi chake. Mwaka 1984 kampuni nyingine ya midoli, Hasbro, ilichukua roboti za kampuni ya Takara ya Japani, ikazipa majina na hadithi, zikawa Transformers. Mwaka huohuo FCC, tume inayosimamia utangazaji Marekani, iliondoa ukomo wa dakika za matangazo kwenye vipindi vya watoto. Mlango ukawa wazi: mdoli kwanza, hadithi baadaye. Filamu ya Transformers ya 1986 ilimuua Optimus Prime, kiongozi waliyempenda watoto kuliko wote, kwa sababu midoli ya zamani ilitakiwa kuipisha mipya. Kifo hicho kiliamuliwa na rafu za madukani kabla mwandishi hajashika kalamu.

Sheria ya 1990 ilirudisha ukomo: dakika 10 na nusu za matangazo kwa saa siku za wikendi, dakika 12 siku za kazi. Lakini haikukataza katuni iliyotokana na mdoli. Kinachokatazwa ni kutangaza mdoli huo ndani ya kipindi chake chenyewe. Mtoto akimaliza kumtazama He-Man, tangazo la He-Man lisubiri kipindi kingine. Ukiniuliza mimi, hapo sheria ilifunga dirisha ikaacha mlango.

The Simpsons ilianza kama kipindi kamili Desemba 1989, yaani mwishoni kabisa mwa muongo huo. Waandishi wake walikuwa watu wazima waliokuwa wameyaona hayo yote, na kabla hawajakaa sawa, Bart naye akawa bidhaa. Mwaka 1990 fulana zake zilienea kila mahali Marekani, na ile iliyojisifu kwamba kufeli ni fahari ilipigwa marufuku katika baadhi ya shule. Fulana feki nazo zikajaa mitaani, maarufu zaidi zikiwa zile zilizomchora Bart kama kijana Mweusi. Mwenye mali alikuwa anavuna huku anaibiwa.

Waandishi wakajibu kwa kumtumia Krusty. Huyu ni mchekeshaji wa televisheni ambaye ukimtazama vizuri ni Homer aliyepakwa rangi usoni. Matt Groening, mbunifu wa kipindi, alimchora hivyo makusudi. Krusty anaweka jina lake kwenye kitu chochote bila kukigusa wala kukionja. Sehemu ambayo huwa nawaonyesha wanaojifunza kazi yangu ni ile ya Kamp Krusty, iliyorushwa Septemba 1992. Bart na Lisa wanapelekwa kwenye kambi ya likizo yenye jina la Krusty. Wanakuta vibanda vinavyobomoka, wasimamizi ni wale wale mabaradhuli wa shuleni, na chakula ni uji, tena uji wa kuigiza, wenye nembo ya Krusty. Mwenye kambi ni bwana mmoja anayeitwa Black, ambaye amenunua haki ya kutumia jina. Krusty mwenyewe yuko Uingereza anatazama tenisi ya Wimbledon. Watoto wanapoasi na yeye kuletwa mbele yao, utetezi wake ni kwamba wenye kambi walimpelekea lori zima la pesa nyumbani, naye hakuumbwa kwa mawe.

Watazamaji hucheka hapo. Mimi naona kosa la kitaaluma ambalo limewahi kuwagharimu watu wa kweli. Mkataba wa leseni unaoeleweka una kifungu cha ubora: mwenye mhusika hupelekewa sampuli kabla ya bidhaa kwenda sokoni, anakagua rangi, vipimo, usalama wa mtoto, mpaka maandishi ya kwenye pakiti. Katika sheria ya alama za biashara ya Marekani, anayetoa jina lake kisha asisimamie ubora wa kinachouzwa kwalo anaweza kulipoteza jina lenyewe. Krusty akikaa Wimbledon wakati Black anagawa uji, hatari haiko kwa watoto peke yao. Alama yake inaoza.

Na malipo? Kwa kawaida mwenye mhusika hupata mrabaha, yaani asilimia fulani ya bei ya jumla, ambayo kwa wahusika wa burudani mara nyingi huangukia kati ya 5 na 15. Juu ya hapo kuna kiwango cha chini ambacho mnunuzi wa leseni analipa hata kama hakuuza kitu. Hilo ndilo lori la Krusty. Likishaingia getini, shauku ya mwenye jina ya kujua uji umepikwaje hupungua sana.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Krusty ni jina la kubuni, na hakuna kampuni iliyolipa ili liheshimiwe, kwa hiyo unaweza kulifanyia lolote. Katika sehemu moja ya 1995 Bart anakula nafaka ya asubuhi iitwayo Krusty-O, ambayo ndani ya boksi ina zawadi: duara la chuma lenye meno. Analimeza na kuishia kupasuliwa kidole tumbo. Anashtaki, inatoka fidia ya dola 100,000, wakili wake anakata ada zake, Bart anabaki na dola 500. (Mawakili wenzangu, tusijifanye hatujaelewa.) Ni shambulio kali dhidi ya viwanda vya nafaka na zawadi zao za kwenye boksi, na hakuna kiwanda hata kimoja kilichotajwa.

Au chukua Malibu Stacy, mdoli wa kike ambaye Lisa anapigana naye katika sehemu ya Februari 1994 kwa sababu akibonyezwa anasema upuuzi tu. Kila mtu alijua anayesemwa ni nani. Mwaka 1992 Mattel ilikuwa imetoa Barbie anayezungumza, na moja ya sentensi zake ililalamika kwamba somo la hesabu ni gumu. Lisa anatengeneza mdoli wake mwenye akili, na kampuni inamshinda kwa kumvisha Stacy kofia mpya. Nadhani hakuna maelezo mafupi ya biashara ya midoli kuliko kofia ile.

Linganisha na Butterfinger. Tangu 1988, kabla hata ya kipindi kamili kuanza, Bart alikuwa uso wa matangazo ya chokoleti hiyo. Hapo kuna mtu anayelipa, na jina lake ni la kweli. Dhihaka ninayoikumbuka vizuri ilikuja 2002, mkataba ukiwa umeshamalizika: polisi wa Springfield wanachoma vitu vitamu vyote vya mji, moto unaramba kila kitu, lakini Butterfinger zinabaki nzima, na mkuu wa polisi anasema hata moto hauzitaki. Hapo ndipo mpaka unapoonekana kwa macho. Mikataba ninayoiandika humfunga mnunuzi wa leseni asimvunjie mhusika heshima. Mwenye mhusika ni nadra kukubali kufungwa vivyo hivyo, lakini hahitaji kifungu kumkumbusha asimtukane anayemlipa wakati bado analipa. Biashara haigombi.

Kinachonivutia zaidi ni kile kinachotokea baadaye: bidhaa ya dhihaka hugeuka bidhaa. Julai 2007, wakati wa kuitangaza filamu ya The Simpsons, maduka 12 ya 7-Eleven huko Marekani na Kanada yalibadilishwa sura yakawa Kwik-E-Mart, duka la kwenye katuni linalofahamika kwa bei za kunyonga na vyakula vilivyochacha. Ndani yake, pamoja na soda ya Buzz Cola, yaliuzwa maboksi ya KrustyO's. Nafaka ileile iliyompeleka Bart chumba cha upasuaji ilikuwa rafuni, na watu walipanga foleni kuinunua. Filamu yenyewe inaanza na Homer akiwaambia waliomo ukumbini kwamba ni wajinga kulipia kitu wanachokipata bure kwenye televisheni. Wamecheka, na tiketi walikuwa wameshanunua.

Bia ya Duff ndiyo iliyofika mpaka mahakamani. Kwenye katuni Duff ni kejeli kwa bia zote zinazouzwa kwa makelele ya matangazo, na Groening hakutaka itengenezwe kweli, akiogopa kuwashawishi watoto wanywe. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya bia huko Australia Kusini ikaitoa sokoni kwa jina hilo. Walikuwa waangalifu: hawakuweka sura ya Homer wala jina la kipindi, neno Duff tu kwenye kopo. Fox, kampuni iliyokuwa ikimiliki The Simpsons, ikashtaki, na mwaka 1996 mahakama ya shirikisho ya Australia ikaipa ushindi. Hoja ilikuwa kwamba mnunuzi akiona neno hilo kwenye bia atafikiria The Simpsons na ataamini wenyewe wameruhusu. Yaani bia ambayo haijawahi kupikwa na mwenye nayo ilikuwa na sifa sokoni inayostahili kulindwa. Kwa mtu wa kazi yangu, hukumu ile ni ya kutunza. Dhihaka ikirudiwa miaka ya kutosha inajenga nembo, na nembo ina mwenyewe.

Na mwenyewe hatimaye aliiuza. Bustani ya Universal huko Orlando ilijenga mtaa wa Springfield mwaka 2013, wenye Krusty Burger na Duff ya kunywa kabisa, na mwaka 2015 Fox ikatoa leseni ya bia hiyo kuuzwa Chile. Yule aliyeikemea bia kwa mzaha akawa anaikusanyia mrabaha.

South Park, katuni nyingine ya kejeli ya Marekani, walipita njia hiyohiyo kwa haraka zaidi. Novemba 1999, homa ya Pokémon ikiwa juu, walirusha Chinpokomon, ambamo midoli ya Japani inawateka watoto akili. Miaka kumi na miwili baadaye Cheesy Poofs, vitafunio vya kubuni vya Cartman, mmoja wa watoto wa katuni hiyo, vilitengenezwa na Frito-Lay vikauzwa Walmart. Sina la kuongeza hapo.

Imebaki kejeli iliyodaiwa kuuvunja mpaka kabisa. Oktoba 10, 2010, msanii wa mitaani Banksy alipewa ufunguzi wa The Simpsons. Familia inakaa kwenye kochi kama kawaida, kisha picha inarudi nyuma na tunajikuta kwenye kiwanda cha giza mahali fulani Asia. Safu za wafanyakazi wanachora. Mtoto anachovya picha kwenye pipa la sumu. Paka wanasagwa wawe pamba ya kujazia midoli ya Bart, panda aliyechoka anavuta mkokoteni wa midoli hiyo, maboksi yanafungwa kwa ulimi wa pomboo aliyekufa, na pembe ya farasi wa hadithini inatoboa DVD matundu ya katikati. Mwisho inatokea nembo ya 20th Century Fox imezungushiwa seng'enge kama gereza. (Kwa kweli picha za plastiki kama ile anayoichovya mtoto, kipindi kilikuwa kimeshaziacha; kazi ilikuwa ya kompyuta. Ila pipa la sumu linapendeza kuliko kompyuta.)

Fox ilirusha. Kweli uchoraji wa kipindi ulikuwa unafanyika Korea Kusini, kwenye studio ya AKOM, na ni studio hiyohiyo iliyopewa kazi ya kuchora dakika zile. Aliyelalamika hadharani ni mwanzilishi wake, Nelson Shin, aliyeona watu wake wamedhalilishwa, akisema wanafanya kazi katika studio ya kisasa. Hebu tazama nani kaumia. Mwenye nembo iliyofungwa seng'enge alipata sifa za kujicheka na video iliyozunguka dunia nzima. Mkandarasi, ambaye hana kauli juu ya maandishi, alichora matusi yake mwenyewe kwa malipo. Mkuki kwa nguruwe.

Tukio lile linatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 2007 wachongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka, Kisii, walikuwa wakichonga Homer na Bart kwa leseni rasmi, kwa ajili ya soko la ng'ambo. Kazi halali na yenye sahihi, tofauti kabisa na kiwanda cha Banksy. Lakini mahali pao kwenye mnyororo ni palepale pa AKOM: mhusika anatoka mbali, vipimo vya macho na nywele vinatoka mbali, na anayekubali au kukataa sampuli yuko mbali.

Ndiyo maana mchoraji akinijia na mhusika wake, akiniambia anataka kipindi kitakachowachana wafanyabiashara wanaowanyonya watoto, simkatazi. Namuuliza bidhaa atakazozidhihaki amezipa majina gani, na kama majina hayo ameshayasajili, pamoja na aina za bidhaa anazodhani hatazitengeneza kamwe. Wengi huishia kusajili jina la mhusika mkuu tu. Soda ya uongo aliyoinywa mhusika huyo kwenye sehemu ya tatu wanaiacha wazi, na hiyo ndiyo mtu mwingine atakayoiwahi.