Kwa nini dayodi ya Zener hufungwa kinyume?

Juzi sokoni Arua, Uganda, nilimkuta fundi ameifungua redio ndogo iliyoungua. Mwenye redio aliiunganisha moja kwa moja na paneli ya sola. Paneli imeandikwa volti 12, lakini jua la saa sita, bila mzigo, huifikisha karibu volti 21. Redio inataka 5. Fundi akatoa dayodi ya Zener, kidude chekundu cha kioo, kidogo kuliko punje ya hindi, chenye mstari mweusi upande mmoja, akakilehemu mstari ukielekea chanya.

"Fundi, si umekigeuza?" akauliza kijana mmoja.

Fundi hakukosea. Dayodi ya kawaida hupitisha umeme upande mmoja tu, mstari ukielekea hasi. Ukiigeuza huziba, na volti zikizidi mno huungua. Zener imetengenezwa ifanye kazi hapohapo pa kuzidiwa. Jina ni la Clarence Zener, mwanafizikia wa Marekani, aliyeeleza mwaka 1934 jinsi kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kinavyoshindwa kuuzuia.

Silikoni yake, yaani mada iliyoundwa nayo, hutiwa chembe ngeni kwa wingi, hivyo tabaka linaloziba ndani huwa jembamba sana. Volti zikifika kiwango kilichopangwa, elektroni hupenya. Kwenye dayodi za zaidi ya volti 5 au 6 hivi, kinachotawala ni elektroni zinazokimbia na kugonga nyingine, nazo zikang'oka. Mafundi huziita zote Zener, na sioni ubaya.

Fikiria pipa lililotobolewa ubavuni: maji yakifika tundu, yanayozidi humwagika, kina kinabaki palepale. Lakini bomba likiachwa wazi kabisa, tundu halitoshi. Ndiyo maana lazima kuwe na rezista, kifaa kinachopunguza mkondo wa umeme, mbele, la sivyo Zener huungua.

Fundi aliweka rezista ya omu 220 na Zener ya volti 5.1, wati 1. Paneli ikiwa volti 18, zinapita takriban miliampea 59. Redio ikinywa 40, Zener inameza 19 zilizobaki. Redio ikizimwa, inazimeza zote.

Dayodi hizi pia hulinda transista (vifaa vidogo vya kuwasha, kuzima na kukuza umeme) dhidi ya volti za ghafla, na hutoa kipimo cha volti ambacho saketi kubwa za kudhibiti umeme hujilinganisha nacho.

Kijana akataka kuchajia simu kwa njia hiyohiyo. Fundi akacheka: simu inayotaka ampea 1 ingeiachia rezista takriban wati 13 za joto.

"Hapo utakuwa umetengeneza jiko," akasema.